Siku Tulipombadilishia Panzi Miguu

Vijana wangu mnaoshika spana leo, kabla hujagusa bolti yoyote ya shokapu za mbele, muulize mwenye pikipiki uzito wake. Usione haya. Muulize kabisa, "Bwana, una kilo ngapi?" Akikasirika, mpandishe kwenye mizani ya mahindi. Mimi sikuuliza, na kwa sababu hiyo nilimwangusha mtumishi wa serikali katikati ya shamba la chai, nikakaribia kumpeleka ng'ombe wa mjane kwenye bucha. Nimestaafu sasa, magoti yananiuma, lakini nikikumbuka mambo ya wiki zile tatu nataka kusimama nitafute spana.

Naitwa Ipyana. Nilifungua banda langu Bulyaga miaka ile ya ruksa, biashara zilipoachiwa na karakana ya serikali hapa Tukuyu ikapunguza watu. Mimi nilikuwa mmoja wa waliopunguzwa. Kabla ya hapo sisi tulikuwa mafundi wa uhaba. Oili sili, yaani kile kimpira kinachozuia mafuta yasivuje kwenye shokapu, tulikikata kwa wembe kutoka kwenye tyubu ya lori, tukakipaka grisi, tukakiombea. Bushi tulichonga kwa mti wa mpera. Mnacheka? Zilitembea!

Halafu spea zikaanza kuingia. Ukienda Mwanjelwa, kule Mbeya mjini, unakuta pikipiki nzima zimekatwa vipande na kulundikwa kama viazi: injini huku, matairi kule, mitumba ya Ulaya na Japani. Sisi tuliolelewa na uhaba tulichanganyikiwa. Nilikuwa na vitu vya kununua, sikuwa bado na akili ya kuvitumia. Hapo ndipo alipoingia Bwana Masanja.

Bwana Masanja alikuwa bwana mifugo, Msukuma aliyehamishiwa kwetu kutoka Shinyanga. Mrefu, mnene, sauti ya ngoma. Kama mnavyojua, kwetu Rungwe ng'ombe wa maziwa hachungwi. Anakaa bandani, analetewa majani, na dume hamwoni maisha yake yote. Akihitaji dume, anayekuja ni bwana mifugo na mtungi wake. Ndani ya mtungi ule mna kimiminika cha baridi ya ajabu, kinachotoa moshi mweupe ukikifungua, na humo zimehifadhiwa mbegu za madume bora kwenye vijiti vyembamba. Akina mama wa vijijini walimwita Masanja "Bwana Harusi". Utasikia mtu barabarani, "Jamani, Bwana Harusi amepita?" Naye anaitika kwa mbali, "Niko njiani, mwambieni bibi harusi avumilie!"

Lakini bibi harusi havumilii. Ng'ombe akianza kulia na kupanda wenzake, una saa chache tu. Ukichelewa, joto linakata, unasubiri siku ishirini na moja. Kwa hiyo kazi ya Masanja ilitegemea pikipiki yake, na pikipiki yake ilikuwa Panzi.

Panzi ilikuwa pikipiki ya milimani, ya zamani, iliyoachwa na mradi mmoja ulioondoka. Injini yake ilikuwa nzima kabisa. Tatizo lilikuwa mbele. Shokapu zake zilikuwa bomba mbili nyembamba kama mianzi, springi zimechoka, na kila Masanja aliposhika breki pikipiki ilipiga magoti. Akiingia shimoni, unasikia "ka!" chuma kwa chuma, na mikono yake inakufa ganzi.

"Fundi," akaniambia, "hii pikipiki inasali kuliko mchungaji. Iondolee magoti."

Nikamwambia aje jioni. Hapo nikafanya ujinga wangu. Niliwaza hivi: shokapu ni laini kwa sababu mafuta ni mepesi na ni machache. Basi nikamwaga ya zamani, nikatia oili nzito ya injini, nikajaza mpaka juu kabisa, mpaka ikachungulia mdomoni. Nikafunga. Nikaisukuma Panzi chini: haikunepa hata kidogo. Ngumu kama nguzo ya kanisa! Masanja akafurahi, akanipa mkono, akaondoka akipiga honi.

Kesho yake mchana akaitwa Lupepo, kwa mama mmoja mjane aitwaye Mama Tumpe, ambaye ng'ombe wake wa pekee alikuwa ameanza kulia. Barabara ile ina mawe na mifereji iliyochimbwa na mvua. Shimo la kwanza, shokapu zilikataa kubonyea, usukani ukamrukia usoni. Shimo la pili, oili sili zote mbili zikafyatuka. Oili ikamrukia kwenye miwani, na Masanja, haoni mbele wala nyuma, akaiacha barabara, akaingia shamba la chai akiwa ameukumbatia mtungi wake kama mtoto. Mfuniko ukaruka. Moshi mweupe ukapanda kutoka katikati ya michai. Wachumaji waliokuwa karibu wakatupa vikapu wakakimbia, mmoja anapiga kelele kwamba bwana mifugo ameanguka na roho inamtoka, hiyo hapo inaonekana!

Masanja alitoka na mikwaruzo tu. Mtungi ulipona. Lakini alipofika kwa Mama Tumpe akiwa kwa miguu, joto lilikuwa limekata.

Siku mbili baadaye Mama Tumpe mwenyewe akaja bandani kwangu. Alikuwa ametembea kutoka Lupepo, kanga kichwani, ndala mkononi kwa sababu ya matope. Sikuwa namjua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye fundi wa pikipiki ya bwana mifugo?"

"Ndiye mimi."

Akaiangalia Panzi iliyokuwa imelala pale pembeni inavuja. Akasema taratibu, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. "Hii ni mara ya pili ng'ombe wangu anakosa. Mara ya kwanza pikipiki ilikwama, mara hii imeanguka. Shemeji yangu anasema ng'ombe asiyezaa ni mdomo wa bure. Ameshaongea na mtu wa bucha. Nimemwomba mara moja tu tena. Akikosa safari ijayo, wanamchukua. Baba, mimi nina watoto wanne na ng'ombe mmoja."

Nilitaka kumwambia kwamba kosa halikuwa langu, la barabara. Lakini oili ilikuwa inavuja mbele yetu. Nikamwambia, "Mama, ni mimi niliyekosea. Safari ijayo bwana mifugo atafika."

Akanishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, baba," akashika ndala zake, akaanza kurudi.

Kesho yake asubuhi nikapanda Kawetele kwa Mzee Asajile. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi kwenye karakana ya serikali, naye alikuwa amestaafu kwenye migomba yake. Nikamweleza yote. Hakunigombeza. Aliingia ndani akatoka na pampu ya baiskeli, akanizibisha tundu kwa kidole changu mwenyewe.

"Sukuma."

Nikasukuma. Mkono ukaingia, ukarudi kwa kunesa.

Akaijaza pampu maji mpaka juu. "Ziba. Sukuma."

Nikasukuma kwa nguvu zote. Haikwenda. Nikaegemea na kifua. Maji yakafyatuka pembeni ya kidole yakanilowesha shati.

"Umeona?" akasema. "Hewa hukubali kubanwa. Maji hayakubali, na mafuta hayakubali. Ndani ya shokapu lazima uache chumba cha hewa juu ya mafuta. Wewe Ipyana ulimwachia hewa chumba gani?"

"Sikumwachia, mzee."

"Basi akavunja mlango akatoka."

Vijana, somo lile sijapata kuliona likifundishwa vizuri zaidi. Toa springi, bonyeza shokapu mpaka mwisho, tia mafuta ya shokapu yenyewe, kisha chovya kijiti na upime nafasi iliyobaki juu. Pande zote mbili ziwe sawa kabisa. Ukiongeza mafuta kidogo, mwisho wa safari ya shokapu unakuwa mgumu zaidi. Ukipunguza, unakuwa laini. Kazi yote iko kwenye hiyo nafasi ya hewa.

Lakini Mzee Asajile akaongeza, "Na zile bomba za Panzi ni nyembamba mno kwa mtu yule. Hata ukizitia asali. Mtafutie miguu mingine."

Miguu mingine! Nilishuka Kawetele nikikimbia. Enzi zetu za uhaba neno hilo lisingetamkika, lakini sasa kulikuwa na Mwanjelwa. Ofisi ya Masanja haikuwa na fungu la spea, kwa hiyo Masanja aliuza redio yake, ile kubwa ya kaseti aliyokuwa akiipenda kama mke, akanikabidhi fedha. Nikaenda.

Nilipekua malundo yale tangu asubuhi. Mchana nikaiona: sehemu nzima ya mbele ya pikipiki ya milimani ya kisasa, iliyogongwa ubavuni. Shokapu zake nene kama mchi wa kutwangia! Nikazitoa, nikamwomba mama muuzaji kioo cha dirisha, nikazivingirisha juu yake moja moja nikichungulia kama kuna mwanga unaopita chini. Hivyo ndivyo unavyojua bomba limepinda au la. Nikarudia. Nikazipapasa kwa kucha kutafuta mikwaruzo.

Yule mama akashindwa kuvumilia. "Wewe fundi, unanunua shokapu au unachumbia?"

"Nachumbia, mama. Hizi nazipeleka nyumbani."

Zilikuwa zimenyooka. Nikarudi Tukuyu nimezibeba begani pamoja na chuma chake cha kuzishika, na kila aliyenisalimu nilimwonyesha.

Furaha ikakutana na kazi. Kuna chuma kinachoshika shokapu zote mbili chini ya usukani. Mafundi tunakiita tii. Katikati ya tii kuna mhimili unaopita kwenye shingo ya fremu, ndio unaoiwezesha pikipiki kukata kona. Mhimili wa miguu mipya ulikuwa mfupi kwa shingo ya Panzi. Usingefika juu kukutana na nati. Nikakaa chini nikashika kichwa.

Mzee Asajile alishuka mwenyewe kutoka Kawetele kwa mkongojo wake. Akatupeleka kwa mkerezaji, yaani fundi wa kuchonga vyuma kwa mashine, wa kiwanda kimoja cha chai, rafiki yake wa ujana, ambaye aliuchukua mhimili wa zamani kama kipimo akatukerezea mpya kutoka chuma kigumu. Chini aliuacha mnene kuliko tundu la tii kwa unene wa karatasi tu. "Ukiwa sawa na tundu utacheza," akasema. "Ukicheza, mtu anakufa. Uingie kwa nguvu, usitoke tena."

Siku ya kumi na tisa tangu ng'ombe akose, tukaanza kuuingiza. Tuliipasha moto tii kwenye jiko la mkaa ili tundu litanuke. Tukauweka mhimili. Ukaingia kidogo ukakwama. Tukautoa, tukapasha tena. Ukakwama palepale. Nikainua nyundo.

"Weka chini!" Mzee Asajile akafoka, mara ya kwanza maishani kunifokea. "Ukiipiga itapasuka, na hakuna nyingine."

Wakati huohuo Masanja aliingia, anatoka Mbeya kujaza mtungi wake. Akautua mezani, akafungua mfuniko kuangalia, na moshi mweupe ukamwagika juu ya meza. Nikautazama ule moshi. Nikatazama mhimili. Vijana, nilihisi nywele zinanisimama!

"Mzee," nikasema, "moto unatanua tundu. Baridi je, si inasinyaza chuma?"

Mzee Asajile akauinua mhimili. Akanitazama. Polepole akaanza kutabasamu.

Masanja akaukumbatia mtungi. "Hapana! Hii ni baridi ya serikali!"

"Kidogo tu, Bwana Mifugo. Umetoka kuujaza."

"Mbegu zikifa nitafungwa!"

"Na ng'ombe wa Mama Tumpe akichinjwa?"

Akafumba macho. Kisha akavaa glovu zake za ngozi, akamimina mwenyewe kwenye sufuria, kidogo tu. Tukauzamisha mhimili. Kimiminika kikachemka kwa kelele kama mafuta ya maandazi, moshi ukajaa bandani, majirani wakaja mlangoni. Ilipotulia, nikautoa kwa koleo, umevaa barafu nyeupe. Mzee Asajile akaipua tii kutoka jikoni. Nikauweka juu ya tundu.

Uliingia wenyewe. Bila nyundo, bila kusukuma! Ulishuka kama kijiko kwenye uji, ukagota chini "ndi!" na tulipohesabu mpaka kumi haukutoka tena kwa mtu wala jini. Banda lote lilipiga kelele. Masanja alinibeba juu. Mzee Asajile alikuwa anauzungukazunguka na mkongojo akirudia, "Miaka yote hii nimepasha tu! Miaka yote nimepasha tu!"

Tangu siku hiyo nimetumia baridi mara kadhaa, na nawaonya: bila glovu na miwani, na bila mlango wazi, usiguse. Inaunguza kuliko moto.

Siku iliyofuata tukamaliza. Safari hii nilimpima Masanja. Nilimpandisha Panzi na mabuti, koti la mvua na mtungi, nikapima kwa rula shokapu zinashuka kiasi gani akiwa amekaa tu. Zilishuka mno, kwa hiyo nikakata vipande viwili vya bomba la maji nikaviweka juu ya springi kuzibana. Nikapima tena. Safi. Kisha nikatoa springi zote nikaibonyeza pikipiki mpaka mwisho kuona kama tairi litagusa madigadi. Liligusa! Nikainyanyua madigadi. Kosa kama hilo barabarani tairi linasimama na mtu anaruka. Na kwa kuwa miguu mipya ilikuwa mirefu, nilizipandisha shokapu ndani ya tii, zikachungulia juu kidogo, ili pikipiki isiwe na kiburi cha kukataa kona. Mwisho, kabla ya kukaza ekseli, nikaibonyeza mara kadhaa ijikalie yenyewe. Ukikaza kwanza, shokapu zinabanana na kazi yote inakuwa bure.

Siku ya ishirini na moja ikapita kimya. Siku ya ishirini na mbili, saa nane mchana, mwalimu mmoja wa Lupepo akafika kwa baiskeli, ametota kwa mvua.

"Bwana mifugo yuko wapi? Ng'ombe wa Mama Tumpe analia tangu jana jioni! Na mtu wa bucha ameshafika nyumbani!"

Tangu jana jioni! Joto lilikuwa linakatika. Masanja akawasha Panzi kwa teke moja, akanigeukia.

"Panda, fundi. Ikianguka, tuanguke wote."

Nikapanda nyuma, mtungi mapajani. Mvua inapiga, barabara inang'aa kama sabuni. Shimo la kwanza likaja, nikafumba macho kusubiri "ka!" Haikuja! Nilisikia "fuuu" laini, tairi likashuka, likapanda, na Masanja hata hakuinuka kitini. Mfereji ukaja. "Fuuu!" Mawe yakaja. Panzi aliyameza! Masanja alianza kuimba kwa Kisukuma, mimi namwimbia kwa Kinyakyusa, hakuna anayemwelewa mwenzake. Tulipofika lile shamba la chai, wachumaji walituona kwa mbali wakakimbia mapema, wakatuachia shamba zima. Masanja akashika breki ya mbele kwenye kona ileile. Panzi aliinamisha kichwa kidogo, kwa adabu, akakata kona, tukapita.

Kwa Mama Tumpe tulikuta ng'ombe nje ya banda, kamba shingoni, mwisho wa kamba mkononi mwa mtu wa bucha. Shemeji yake Mama Tumpe alikuwa amesimama kibarazani.

"Mmechelewa," akasema. "Tumeshakubaliana."

Mama Tumpe akatoka jikoni. Hakupaza sauti. "Shemeji, ulisema safari hii. Safari hii ndiyo hii. Mwacheni bwana mifugo afanye kazi."

Masanja hakusubiri ruhusa ya mtu. Alivaa glovu ndefu, akampapasa ng'ombe mgongoni, akamwangalia nyuma. Kisha akageuka, uso mzima meno.

"Bado yupo kwenye joto! Fundi, mtungi!"

Mtu wa bucha aliiachia kamba yeye mwenyewe. Alikuwa mtu mwema tu, akiuliza kama ni kweli mbegu zinakaa kwenye barafu. Shemeji akasema atasubiri wiki tatu, aone kama ng'ombe atalia tena.

Wiki tatu zikapita, ng'ombe hakulia. Miezi miwili, Masanja akampima, akaja bandani kwangu anakimbia na zile buti zake: ana mimba! Kwa miezi iliyofuata mabwana mifugo na waganga wa chanjo kutoka kila upande walileta pikipiki zao Bulyaga, na kila mmoja nilimpandisha kwenye mizani kwanza, mpaka mganga mmoja akaniuliza kama na mimi nimeanza kliniki.

Asubuhi moja nilikuwa nimelala chini ya pikipiki, mikono myeusi kwa oili mpaka viwikoni, nikasikia mtu ananiita. Alikuwa Mama Tumpe, na kibuyu cha maziwa kichwani. Ng'ombe wake alikuwa amezaa, ndama jike. Akamimina kikombe, akaninyooshea. Nikamwonyesha mikono yangu.

"Mama, nimechafuka. Subiri ninawe."

"Utanawa saa ngapi wewe?" akasema, akapiga goti pale kwenye matope, akanishikia kikombe mdomoni, mimi mtu mzima na ndevu zangu, Bulyaga nzima inatazama. Nikanywa mpaka mwisho, maziwa yakanichuruzika kidevuni, naye akayafuta kwa upindo wa kanga yake.